Paka wa Kwenye Barua

Kambini, 12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima wa afya, ila vumbi tu ndilo linalonishinda. Tumehama tena, maana barabara imesonga mbele, nasi tunaifuata kama vifaranga na mama yao. Simu huku ni pambo la mfukoni, mtandao haufiki hata ukipanda juu ya greda, kwa hiyo tuliombee uzima lile lori la mafuta linalobeba barua zetu. Kikohozi chako je? Na paa la chumba cha kushonea bado linavuja?

Barua hii anaiandika Bwana Stoo, mtunza vifaa wetu. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu ukishika usukani wa greda kutwa nzima, jioni kalamu haishikiki. Mwandiko wake ni mdogo kama punje za mchele, lakini anaandika kwa mstari ulionyooka.

Sasa jambo lenyewe. Ripoti ya Chiriku imenifikia. Hesabu za kichwani amefanya vizuri, kuimba vizuri sana, lakini kusoma na kuandika yuko mkiani kabisa. Mwalimu wake anasema ni mvivu, ana maneno mengi, na kipindi cha kusoma kikifika lazima aumwe tumbo au aombe kwenda chooni. Dada, mtoto huyu alianza kuongea kabla hajaota meno ya kutosha, ndiyo maana nikampa jina la Chiriku. Mdomo kama ule ushindwe na kitabu cha darasa la nne? Huo ni uvivu.

Nakuomba kila jioni ukae naye asome mpaka aelewe, asikanyage chumba cha kushonea kabla hajamaliza. Mpeleke pia akapimwe macho. Mwaka ukiisha bila mabadiliko nitamhamishia shule ya bweni iliyo karibu na makao makuu yetu, wanasifika kwa kunyoosha watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Na lile ombi lake la paka, jibu ni hapana. Asome kwanza.

Mdogo wako,
wa kwenye greda

* * *

Nyumbani, 3 Machi

Kaka yangu,

Marahaba, na salamu zako zimetufikia tukiwa wazima. Kikohozi kimepungua. Paa linavuja palepale, nimeweka ndoo, na wateja wangu wamezoea kuiruka. Nguo za sare zimenijaa hadi kitandani, maana kila mzazi anakumbuka sare siku ya mwisho.

Usinicheke kwa herufi hizi kubwa kama bango la dukani. Miwani yangu niliikalia mwenyewe, kioo kimoja kikapasuka na mkono wake ukakatika, na fundi wake kila nikienda ananiambia wiki ijayo. Kushona nashona kwa kupapasa, vidole vimezoea. Uzi Chiriku ananitungia sindanoni. Kuandika naandika kwa kubahatisha. Kusoma ndiko kulikonishinda, hasa mwandiko wa huyo Bwana Stoo wako.

Lakini usiwe na wasiwasi, barua yako alinisomea Chiriku mwenyewe. Kwa jirani nisingeipeleka, mambo ya nyumbani hayatembezwi mtaani. Kaka, ungemwona! Alikaa juu ya kigoda, akakohoa kidogo kama mtangazaji, akasoma kutoka juu hadi chini bila kukwama. Nikasema moyoni, kumbe walimu wanamsingizia mtoto.

Kwa hiyo nakushukuru kwa mengi. Umenishangaza kukubali paka, wewe ambaye udogoni ulikuwa ukimwona paka unapanda juu ya kitanda. Nimesikia pia kwamba nimshonee gauni la kijani lenye mifuko miwili mikubwa, na kwamba mtoto asilazimishwe kula bamia. Sawa, bamia nimeacha. Na pale uliposema unamkumbuka mwanao kila jua likizama na kwamba hakuna mtoto mwingine unayempenda kama yeye, machozi yalinitoka. Hujawahi kusema maneno kama hayo tangu marehemu mama yake atutoke.

Mambo ya shule hukuuliza, nami nasema tu kwamba anaenda kila siku.

Dada yako

* * *

Kambini, 29 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, lakini barua yako imenivurugia urafiki.

Paka gani? Gauni gani? Bamia imeingiaje hapa? Bwana Stoo aliponisomea nilidhani ananitania. Nikasoma alama za uso wake, nikaona anajizuia kucheka. Nikaamini kwamba siku ile nilipokuwa nasema mambo yangu ya maana, yeye alikuwa anaandika ya kwake. Nikamnunia. Nikaenda na barua yako kwa fundi wa breki anisomee upya, naye akasoma paka yuleyule na bamia ileile. Ndipo Bwana Stoo akaapa kwa watoto wake kwamba aliandika kila nilichosema. Nimemwomba radhi, lakini kambi nzima sasa inanisalimu kwa sauti ya paka.

Dada, mimi niliuliza habari za shule. Nilisema paka hapana. Nilisema asome kila jioni, apimwe macho, na mwaka ukiisha aende bweni. Nani anakusomea barua zangu?

Kuhusu yale maneno ya jua kuzama, sikuyasema. Lakini si ya uongo, hayo yaache kama yalivyo.

Mdogo wako

* * *

Nyumbani, 20 Aprili

Kaka yangu mpenzi,

Tulia kwanza, kaa kitako, na Bwana Stoo mwambie asome polepole. Ana salamu zangu, na pole kwa kununiwa bure.

Barua yako ya pili ilinikuta nimeshapata miwani. Nikaisoma mwenyewe. Kisha nikatoa ile ya kwanza kwenye kopo la vifungo, nikaisoma nayo. Nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Mtoto kanidanganya barua nzima, na salamu juu yake! Nilikuwa nimeshashika ufito, kaka, sikufichi.

Lakini kitu kikanizuia. Nikaificha miwani kwenye mapaja, Chiriku alipotoka shule nikamwambia, hebu nisomee tena ile barua ya kwanza ya baba yako, nimeisahau. Akapanda kigoda chake. Akakohoa. Akasoma neno kwa neno vilevile kama alivyosoma mara ya kwanza: paka, gauni, mifuko miwili, bamia, jua kuzama. Hakuacha hata salamu. Kidole kilikuwa kinatembea kwenye mistari taratibu, na ukurasa akaugeuza mahali palepale. Ila kidole kilifika mwisho wa karatasi wakati mdomo bado una sentensi mbili. Akakirudisha juu kidogo, kimyakimya, kuusubiri mdomo.

Ufito nikauweka chini. Nikampa ile ya pili, ambayo hajawahi kuisikia. Akaitazama. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akaniambia chai inachemka jikoni itamwagika, na jikoni hata moto hatukuwa tumewasha.

Nikavaa miwani mbele yake. Hakukimbia. Alilia bila sauti, yeye ambaye hata ndotoni anaongea. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema:

"Shangazi, wenzangu wakilitazama neno wanalisikia. Mimi nikilitazama linanyamaza."

Kisha akaniomba nisikwambie, kwa sababu utamwona mjinga na utamchukua.

Tangu siku hiyo nimekuwa namwona mtoto mwingine humu ndani, kumbe ndiye yuleyule. Unajua wateja wangu siwaandiki vipimo? Chiriku anavikumbuka. Kifua cha mama wa duka la dawa anacho kichwani, kiuno cha mwalimu mkuu anacho, na anajua nani kanenepa tangu mwaka jana na nani anajificha. Nilikuwa najisifu kwamba nina daftari linalotembea. Sikujiuliza kwa nini daftari hilo halipendi kushika kalamu. Futi yangu ya kupimia ameifunga nyuzi za rangi, nyekundu hapa, njano pale. Nilidhani ni urembo. Ndivyo anavyoijua namba bila kuisoma.

Nilimpeleka kupimwa macho kama ulivyotaka. Macho mazima kuliko yangu na yako tukiunganisha.

Halafu nikaenda shuleni. Mwalimu wake wa darasa ni mwanamke mwenye heshima zake, amechoka, darasa limejaa hadi dirishani. Akasema kweli kwamba anayenyamaza humdhania ameelewa na anayepiga kelele humdhania mkorofi, na Chiriku ni wa kelele. Akanipeleka chumba cha mwisho kwenye korido, palipokuwa stoo ya mipira. Humo kuna mwalimu mwingine anayewafundisha kusoma watoto wachache, wale ambao darasani hawashiki. Alimsimulia Chiriku hadithi ndefu, akamtaka airudie. Akairudia, na mwisho akaurekebisha kwa kuwa haukumpendeza. Kisha akamwonyesha neno fupi kabisa kwenye kadi. Mtoto akatazama mlango.

Mwalimu yule akaniambia nje, kwa sauti ya chini, "Akili yake haina tatizo, mama. Amekuwa akiitumia yote kujificha."

Anasema si uvivu wala ukaidi. Wapo watoto wa namna hii katika kila darasa, wengine hujificha kwa kelele na wengine kwa kunyamaza, na wakifundishwa kwa njia yao, polepole, kwa mkono na sikio na si kwa jicho tu, wanasoma. Ila hawezi kumtoa darasani vipindi vile bila idhini yako wewe baba, na mwalimu mkuu anaitaka kwa maandishi. Nakuomba uitoe. Nafasi zinagawiwa shule zikifunguliwa katikati ya Julai.

Dada yako anayekupenda, mwenye miwani

* * *

Kambini, 11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mvua imetukatia njia, greda imezama matopeni, tumeshinda tukiivuta.

Nimesikia yote. Jibu langu ni hapana.

Chumba hicho nakijua. Kila shule inacho, na kila shule watoto wana jina lake. Ni chumba cha vilaza. Akiingia humo leo, atatoka nalo jina hilo mpaka siku ya harusi yake. Ukoo wetu hauna mtu wa hivyo. Na mtoto anayeweza kutunga barua nzima kichwani, akaishika miezi miwili bila kupoteza neno, huyo ana akili ya kutosha na kubaki, kinachokosekana ni mkono mkali. Wewe unamdekeza, dada. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sitasubiri mwisho wa mwaka. Shule zikifunguliwa Julai nitaomba ruhusa nije nimchukue mwenyewe, nimpeleke bweni.

Usiniudhikie. Naye usimwambie bado.

Mdogo wako

Dada, mimi ni Bwana Stoo. Samahani kwa kujiingiza, na mstari huu sitamsomea. Nimeandika alichosema, kazi yangu ndiyo hiyo. Lakini barua yako amenitaka niisome mara ya pili na ya tatu, na si yote. Pale tu mtoto anaposema neno linanyamaza. Baada ya hapo alitoka nje akaenda kukaa ndani ya greda iliyozimwa. Usikate tamaa.

* * *

Nyumbani, 2 Juni

Mdogo wangu,

Natumai greda imetoka matopeni na wewe umepata viatu vikavu. Sisi hatujambo. Nimeshona pazia jipya la dirisha la mbele, na paa limezibwa, ndoo imerudi jikoni kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Sijaudhika. Nimekaa na barua yako wiki nzima nikijiuliza niseme au ninyamaze, kwa sababu kati yangu na wewe kuna macho ya mtu mwingine. Bwana Stoo ni muungwana, nimemwamini. Kama unataka nyingine asikie na hii asisikie, sina njia. Basi nitasema, ataufunga mdomo wake.

Unakumbuka wewe ulivyokuwa unaumwa tumbo? Mama alikuwa anakupa dawa chungu kila Jumatatu na Alhamisi, na ukipona ilikuwa baada ya saa nne tu, kipindi cha kusoma kikishapita. Alimwambia kila mtu kwamba una minyoo ya ajabu, inayojua ratiba ya shule. Tulicheka wote, na wewe ulicheka kuliko sisi. Baba alikuwa na mkono mkali, ule unaomtakia Chiriku leo. Ulikupata vizuri. Je, neno liliongea?

Ulipoacha shule ukaenda gereji, nyumba nzima ilisema kijana anapenda injini. Kweli ulizipenda. Ukisikia gari linapita unataja ugonjwa wake kabla dereva hajajua kama anaumwa. Lakini hukuacha shule kwa sababu ya injini, kaka. Mimi nililala chumba kimoja nawe, nilikuwa nasikia ukijaribu kwa kunong'ona baada ya taa kuzimwa, sentensi ileile moja. Na hadi leo mkono wako umechoka na usukani. Umechoka miaka mingi, huo mkono, na sijawahi kuuliza.

Hukuwa kilaza. Sikia ninavyosema, na Bwana Stoo asome mara ya pili: hukuwa kilaza. Ulihitaji mtu akae karibu nawe akufundishe kwa njia nyingine, na hapakuwa na chumba cha mwisho kwenye korido. Kingekuwepo, ningekupeleka nikikushika mkono, na ambaye angekuita jina ningemtia sindano ya cherehani.

Samaki hukunjwa angali mbichi, nakubali. Lakini hakunjwi kwa kuvunjwa. Bweni atalala mbali na sisi, na neno litakuwa lilelile, limenyamaza vilevile, tofauti ni kwamba huko hatakuwa na mtu wa kumwambia. Unachokihofia kwa ajili yake ni jina. Mimi nahofia kitu kingine: ataondoka shuleni akiamini ni mjinga, kisha atakuwa mtu mzima hodari, mwenye kazi yake na heshima yake, na bado anaamini.

Mwanao anakukumbuka kila jua linapozama. Hilo hakulitunga.

Dada yako

* * *

Nyumbani, 28 Juni

Kaka yangu,

Salamu tele. Lori la mafuta limepita mara mbili bila barua yako. Dereva nimemuuliza, anasema uko mzima, unachonga barabara tangu alfajiri na kuongea huongei. Kama nimekuumiza, nisamehe kwa kukuumiza. Kwa nilichosema sitaomba radhi.

Shule zinafunguliwa katikati ya mwezi ujao. Mwalimu wa chumba cha mwisho ana watoto wengine wanaosubiri, ameniambia atamwekea Chiriku nafasi mpaka siku ya kufungua na si zaidi. Sijui nijiandae kumpeleka wapi. Begi lake nimelifua, naye ameliona kwenye kamba. Hajauliza. Mtoto huyu asipouliza jambo, ujue analijua.

Wakati nasubiri sikukaa bure. Nimekata herufi kutoka kwenye vipande vya kitambaa cha kodrai, kile chenye mistari inayokwaruza, kama ninavyokata paterni ya kola. Mwalimu ndiye aliyenipa wazo. Chiriku anafumba macho, anapapasa, anasema sauti yake. Kama ninavyoshona mimi bila miwani. Jana alishika moja akacheka, akasema hii nikiitazama inanidanganya lakini nikiishika hainidanganyi.

Nitumie neno moja tu. Lolote.

Dada

* * *

6 Julai

DADA

Naandika mimi.
Bwana Stoo yuko nje. Nimemtoa.
Mtoto aende kwa mwalimu. Nimesema ndiyo. Mimi baba yake.
Salamu ni ndefu. Nitaandika nikiweza.

KAKA

* * *

Nyumbani, 18 Septemba

Kaka yangu mpenzi,

Marahaba kwa shikamoo ambayo hukuiandika, niliisikia. Barua yako nilimpelekea mwalimu mkuu asubuhi ya kufungua shule. Aliitazama ile karatasi iliyofutwafutwa hadi ikatoboka, akaniuliza kama aliyeiandika ni baba mtu kweli. Nikamwambia hakuna idhini iliyoandikwa kwa jasho kuliko hiyo katika shule yake yote. Akaiweka kwenye faili. Nilitaka anirudishie, nimekosa.

Sasa nisikudanganye, aliyedanganya mmoja anatosha. Chiriku hajawa mwalimu. Anakwenda chumba cha mwisho kila siku baada ya mapumziko, na siku nyingine anarudi amenuna, anasema herufi zimegoma. Wiki ya kwanza kuna waliomwita jina lile ulilolihofia. Alirudi ameinamisha kichwa, nami roho ikaniuma, nikasema kaka yangu aliona mbali. Lakini kesho yake akawaambia wanaomwita kwamba huko ndani kuna mwalimu asiyepiga kelele na madirisha mawili ya watoto wachache tu, wakiona wivu waombe nafasi. Sasa wawili wameomba. Mmoja ni binti mkimya wa dawati la mbele, ambaye mwalimu alikuwa anamsifia kwa utulivu. Kumbe naye hakuwa anasoma, alikuwa anageuza kurasa.

Tumbo halijamuuma tangu Agosti. Maneno mafupi anasoma, kwa kidole, kwa kuyatamka vipande vipande. Ukimharakisha anabahatisha, ukimwachia anafika. Haba na haba hujaza kibaba. Gauni la kijani nimemshonea, mifuko miwili, ili barua yake ile isiwe ya uongo mtupu.

Bwana Stoo ameniandikia kikaratasi kwamba mnakaa pamoja jioni ndani ya stoo, wewe na yeye na mfuko wa boliti, mnapanga herufi mezani kwa boliti. Nimefurahi mpaka nimeharibu pindo la watu.

Dada yako

* * *

9 Novemba

Dada shikamoo. Mimi mzima. Mvua imeisha.
Hii ndani ni ya Chiriku. Usimsomee.

Kaka

* * *

Nyumbani, 2 Desemba

Kaka yangu mpendwa,

Marahaba, marahaba sana, hii umeiandika kwa mkono wako na nimeijibu kwa sauti peke yangu jikoni. Tuko wazima. Mwaka unakatika, sare zimeanza tena, na ripoti ya Chiriku naifunga humu. Kusoma bado yuko chini, lakini safari hii mwalimu ameandika "anajitahidi na anaendelea kusaidiwa", na neno uvivu halipo. Bweni sikusikii ukilitaja, nami silikumbushi.

Sasa nikueleze siku ya barua yako. Dereva wa lori aliileta Jumamosi mchana. Nilipoona bahasha ndogo ndani ya bahasha, nikampa mwenyewe. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia tazama. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akalipapasa jina lake kwa kidole gumba kama anatafuta upande wa nje wa kitambaa. Kisha akaingia chini ya meza ya kukatia. Ndiko anakokwenda akiwa na jambo lake.

Nilizima cherehani. Nilijifanya nachambua vifungo. Nikasikia ananong'ona, anarudia, ananyamaza, anaanza tena. Neno la kwanza lilimchukua muda hadi nikataka kuinama nimsaidie, nikaishika meza kwa mikono miwili nisiiname. Kaka, nimezika wazazi wetu, lakini sijui kama nimewahi kunyamaza kwa kazi ngumu namna ile.

Akasoma kwa sauti, vipande vipande. Mwanangu. Soma wewe. Kisha akarudi nyuma kwenye neno moja. Akatoka chini ya meza na karatasi mkononi, macho yamemtoka, uso wa mtu aliyeshikwa na kosa.

"Shangazi," akasema, "hapa kuna paka. Ni baba kaandika, au ni mimi natunga tena?"

Miwani nilikuwa nimeivaa. Nikaivua mbele yake, nikaitia mfukoni, nikamwambia macho yangu yamechoka leo sioni kitu, asome tena.

Akakaa kwenye kigoda. Hakukohoa. Akaweka kidole juu ya neno la kwanza, na safari hii kidole kilisubiri mdomo, na mdomo ukasubiri kidole, mpaka vikafika mwisho pamoja:

"Mwanangu. Soma wewe. Paka sawa. Mmoja tu. Baba."

Ni mweupe, ana doa jeusi sikioni. Tumempata kwa jirani, na amekojolea tayari kitambaa cha sare. Ukija likizo utapanda juu ya kitanda kama zamani, nami na mwanao tutakucheka.

Dada yako